Mahali pa Marafiki: Mhadhara juu ya Filamu Mbili za Vijana wa Mjini



Nimeombwa niseme juu ya sinema, na wengi wenu, nadhani, mlitaraji niseme juu ya filamu kubwa, zile ambazo mabango yake hufunika ubavu mzima wa basi na waigizaji wake hulipwa fedha ambazo zingetosha kujenga hospitali. Lakini nimehiari kusema juu ya filamu za gharama haba, na juu ya jambo ambalo watu wazima aghalabu hulidhania kuwa dogo, nalo ni urafiki wa wale waliokwisha kubaleghe lakini hawajahesabiwa bado kuwa watu wazima, katika miji mikubwa ya nchi hii tuliyohamia. Filamu zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni Blue Story, iliyotoka tarehe 22 Novemba 2019, kazi ya Andrew Onwubolu, ambaye vijana wanamjua zaidi kwa jina la Rapman. Na ya pili ni Rocks, iliyoongozwa na Sarah Gavron, ikaonyeshwa kwanza katika tamasha la Toronto mwaka huohuo wa 2019, kisha ikaingia katika majumba ya sinema ya Uingereza mnamo Septemba 2020. Visa vya filamu zote mbili vimo London. Walakini ya kwanza ilifungamana na mji wetu wa Birmingham kwa tukio ambalo mtunzi wake hakuliota, na ya pili inaye ndani yake binti wa Kisomali ambaye kila mkazi wa mtaa wetu wa Small Heath atamtambua kabla hajafumbua kinywa.

Ninalotaka kulidai mbele yenu ni kwamba urafiki wa ujana, ambao sisi wazazi hupenda kuuhesabu kuwa ni suala la tabia na malezi tu, kwa kadiri kubwa ni suala la mahali. Vijana wawili hawawezi kuwa marafiki hewani. Yawapasa wapate pa kukaa, pa kuchekea, pa kugombania na pa kupatania, na pasiwe nyumbani kwa mzazi daima wala pasiwe darasani daima. Na mahali hapo panapoondolewa, iwe kwa uadui wa mitaa, iwe kwa amri ya mfanyabiashara, iwe kwa ufukara wa serikali ya mji, urafiki nao huondoka, na nafasi yake haibaki tupu.

Wale miongoni mwenu mliolelewa Unguja, Mombasa au Lamu hamna haja ya kuthibitishiwa jambo hili, kwa maana mmekua mkiziona baraza za mawe mbele ya nyumba, ambapo mtu alipokewa bila kuulizwa ametoka mtaa gani. Na mnalikumbuka, au mmehadithiwa na wazee wenu, jumba la Majestic kule Mji Mkongwe, lililojengwa upya mwaka 1955 mahali palipokuwapo Royal Theatre iliyofunguliwa mwaka 1921 na baadaye ikateketea kwa moto. Watoto wa mitaa ya Malindi na Ng'ambo, wa Kihindi na wa Kiarabu na wa Kiafrika, waliingia humo wakatazama filamu za Bombay, wakatoka wakiimba nyimbo ambazo maneno yake nusu yao hawakuyaelewa. Sisemi kwamba hapakuwa na tofauti baina yao, wala kwamba sinema ilizifuta. Tofauti zilikuwapo, na historia ya visiwa vile imezitaja kwa uchungu wa kutosha. Nasema tu kwamba palikuwapo mahali.

Na Birmingham, mabibi na mabwana, ina haki yake katika historia ya sinema, ijapokuwa wenyeji wake wana tabia ya kujidunisha. Mwaka 1930, katika kitongoji cha Perry Barr, Oscar Deutsch, mwana wa mhamiaji wa Kiyahudi aliyekuja kutoka Hungaria akafanya biashara ya vyuma chakavu, alifungua jumba la kwanza la sinema kwa jina la Odeon. Na kabla nchi haijaingia katika vita ya pili ya dunia, jina hilo la mtoto wa mhamiaji lilikuwa limeenea katika miji ya Uingereza yote. Kabla yake, mnamo Desemba 1909, ilikuwa imefunguliwa Electric katika barabara ya Station Street, nayo ikadumu kwa vipindi mbalimbali zaidi ya karne. Jumba la Perry Barr leo si sinema tena, na Electric ilifungwa mwezi Februari 2024. Nitayarejea hayo.

Sasa nije katika Blue Story. Kisa chake ni chepesi kukisimulia na ndiyo sababu kinauma. Timmy ni kijana wa Deptford, lakini anasoma Peckham, ambako anapata sahibu aitwaye Marco. Wanacheka pamoja, wanataniana juu ya wasichana, Timmy anampenda binti mmoja jina lake Leah, na kwa muda wa robo ya filamu mtazamaji asiyejua neno juu ya London angedhani ameketi kutazama kichekesho cha wanafunzi. Lakini Deptford na Peckham, ambazo mtu mzima anaweza kutembea kutoka moja hadi nyingine kabla jasho halijamtoka, zina magenge yenye uhasama; kaka yake Marco ni mkubwa katika genge la upande mmoja, na rafiki wa Timmy wa utotoni yumo katika genge la upande wa pili. Siku moja Marco anapigwa na watu wa upande wa Timmy. Tangu hapo kila mmoja anahesabiwa si kwa alivyo bali kwa mtaa anaolala, na ule usahibu wa shuleni unageuka kuwa kisasi kwa hatua ambazo kila moja, ukiitazama peke yake, inaonekana kuwa na sababu. Mwisho wake siutaji, kwa kuwa wapo humu ambao hawajaitazama, na mhadhiri anayefichua mwisho wa kisa ni mwizi wa namna fulani.

Gharama ya filamu hii haikufika pauni milioni 2, ambazo katika biashara ya sinema ya nchi hii ni fedha kidogo, na ukitazama kwa makini utaona alama za uhaba huo: nyumba chache, mitaa ileile, usiku mwingi, maana usiku huficha mengi bila malipo. Lakini uhaba haukumlemaza Rapman, kwa sababu alikuwa amekwisha kuzoea kufanya kazi na uchache. Kisa hiki hiki alikuwa amekitoa kwanza kwa vipande katika YouTube mwaka 2014, na mwaka 2018 alitoa huko tamthilia ya sehemu tatu, Shiro's Story, iliyotazamwa na mamilioni ya watu. Yaani alijenga hadhira yake mwenyewe kabla wenye fedha hawajampigia hodi.

Katika ufundi wake liko jambo moja ambalo wahakiki wa Kiingereza walilipokea kama kioja, na ambalo mtu wa pwani yetu hana sababu ya kulistaajabia. Kila kisa kinapofika njia panda, mtunzi mwenyewe anatokea, anasimama mbele yetu akiwa nje ya kisa, na kutusimulia kwa mashairi ya kughani yaliyopita na yanayokaribia kuja, huku akiwahurumia watu wake na kuwalaumu kwa wakati mmoja. Basi huyu ni nani kama si msimulizi wa utenzi? Tangu Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, watunzi wetu wamekuwa wakiingia katikati ya vita na kuzungumza na msikilizaji, wakamwambia atege sikio, wakamkumbusha kwamba mwenye kusimulia naye ni mja aliye na taksiri. Kijana wa asili ya Nigeria aliyekulia Deptford hakuisoma Tambuka, na wala sidai kwamba aliisoma. Ninachodai ni kwamba watu ambao visa vyao vilisimuliwa kwa sauti kabla ya kuandikwa huona kuwa ni ukavu kumwacha msikilizaji peke yake na kisa.

Nifike sasa katika jioni ya Jumamosi, tarehe 23 Novemba 2019, siku ya pili tangu filamu hiyo kutoka, na mahali ni Star City, pale Nechells, ambapo pana sinema na mikahawa na michezo chini ya paa moja, na ambapo vijana wa pande zote za mji huu hukutana kwa kuwa hapana pengine penye joto na mwanga wasipofukuzwa. Yalizuka mapigano ya vijana katika ukumbi wa kuingilia. Mapanga yalionekana. Familia zilizokuwa na watoto wadogo katika foleni ya kutazama Frozen 2, kisa cha mabinti wawili wa kifalme na theluji yao, zilipatwa na fazaa ambayo haistahili kudogoshwa na mtu yeyote. Polisi walifika kwa wingi, baadhi yao wakajeruhiwa, na miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo msichana wa miaka 13.

Kampuni ya Vue, yenye sinema ile, iliiondoa Blue Story siku ileile, na haikuiondoa Birmingham tu bali katika majumba yake yote ya Uingereza, ikataja kwamba visa vya fujo vilikuwa vimetokea katika majumba yake kadhaa. Kampuni ya Showcase nayo ikafuata. Rapman alijitokeza kusema kwamba filamu yake ni ya mapenzi na wala si ya jeuri, na watu wengi, wenye umaarufu na wasio nao, walipaza sauti. Na baada ya siku chache Vue ikairudisha filamu, pamoja na ulinzi zaidi. Mwishoni mwa juma lile la kwanza ilikuwa imeingiza takriban pauni milioni 1.3, na hatimaye zaidi ya milioni 4, hivyo kwamba hasara ya fedha, kama ilikuwapo, haikuonekana sana.

Tulipime jambo hili kwa insafu. Mwenye jumba ana wajibu wa kuwalinda wateja na wafanyakazi wake, na mtu aliyemwona mwanawe akilia katikati ya ghasia hataki kufundishwa falsafa ya sanaa. Lau Vue ingelifunga jumba lote la Star City kwa siku tatu, nisingelisema neno. Lakini kilichofungwa ni filamu, na filamu hiyo ilikuwa imepewa daraja la 15, maana yake ni kwamba msichana wa miaka 13 asingeruhusiwa kisheria kuingia kuitazama hata kama angelikuwa na tikiti mkononi. Ilhali ile ya mabinti wa kifalme, ambayo angeweza kuingia bila kuulizwa, hapana aliyeitilia shaka kwamba ndiyo iliyomtia kichaa. Filamu zote mbili zilitoka siku moja na zilionyeshwa chini ya paa moja. Hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya ushahidi, na iliandikwa kwa kutazama wajihi wa waigizaji. Sisemi hili kwa ghaidhi. Nalisema kwa kuwa watoto wetu walilisema siku ileile, na wengi wetu tuliwaambia wanyamaze.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa mji huu. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2009, Penny Woolcock alitengeneza hapa hapa Birmingham filamu iitwayo 1 Day, kisa cha magenge kilichosimuliwa kwa nyimbo za hip hop, na waigizaji wake aliwatoa katika mitaa yenyewe, watu ambao hawajapata kusimama mbele ya kamera. Polisi wakaeleza hofu yao, na majumba makubwa ya sinema ya mji huu hayakuionyesha, hivyo kwamba ilitazamwa na watu wa miji mingine kabla ya wenyewe. Lakini sikilizeni kilichofuata. Kijana mmoja aliyekuwa karibu na upande mmoja wa uhasama mkubwa baina ya magenge ya Johnson Crew na Burger Bar Boys, uhasama ambao ulikuwa umewaua hata wasiohusika, wakiwamo wasichana wawili waliopigwa risasi nje ya sherehe ya mwaka mpya huko Aston usiku wa tarehe 2 Januari 2003, alimtafuta mwongozaji yule kwa sababu ya filamu ile ile iliyoogopwa, akamwomba awe daraja baina yao na wa upande wa pili; na katika juhudi hiyo ya kusuluhisha ikazaliwa filamu ya kweli, One Mile Away, iliyopata Tuzo ya Michael Powell katika tamasha la Edinburgh mwaka 2012. Maili moja! Huo ndio umbali uliotenganisha mitaa ya mahasimu wale, na jina la filamu limetokana nao. Filamu iliyokatazwa kwa hofu ya vita ilileta meza ya mazungumzo, na sijasikia kwamba waliokuwa na hofu waliitafakari sana habari hiyo.

Wala tusijione kuwa sisi ni bora. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilipiga marufuku filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, yenye kisa cha wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa rasmi katika tamasha la Cannes. Mahakama Kuu ikaja kuifungulia kwa siku saba tu mwezi Septemba, na katika siku hizo saba foleni za Nairobi zilikuwa ndefu. Mtu ana uhuru wa kuyakubali au kuyakataa maudhui ya filamu ile, na najua humu ndani rai zinatofautiana. Lakini kule mlango ulifungwa na dola na huku ulifungwa na mfanyabiashara, na kijana aliyesimama nje hakuona tofauti.

Baada ya kuitetea Blue Story nje ya mlango, nina ruhusa ya kuihukumu ndani. Mimi naiona kuwa ni filamu yenye joto kubwa na hekima ya wastani. Upungufu wake ni upungufu wa waadhi: Rapman anawapenda vijana wake mno na anaogopa mno wasije wasielewe, kwa hiyo kila somo analitoa mara mbili, mara moja kwa kitendo na mara ya pili kwa ubeti, na katika nusu ya mwisho matukio yanafuatana kwa haraka ya mtu anayetaka kufika kwenye maziko. Wasichana wamepewa kazi ya kupendwa na kuliliwa. Akina mama wanaonekana kwa dakika chache, wakiwa na wasiwasi, na kisha kisa kinawasahau, kana kwamba kijana wa miaka kumi na minne huishi barabarani tu na hana jikoni. Ajabu ni kwamba robo ile ya mwanzo, ya mizaha ya shuleni, ambayo mtunzi mwenyewe bila shaka aliiona kuwa ni dibaji tu, ndiyo sehemu bora kuliko zote, laiti angeliirefusha.

Na hapo ndipo Rocks inapoanzia, na haitoki hapo mpaka mwisho. Shola, ambaye wenziwe humwita Rocks, ni binti wa mashariki ya London. Siku moja anarudi kutoka shuleni na kukuta mama yake ameondoka na kuacha barua na fedha kidogo, na yeye amebaki na mdogo wake Emmanuel, mtoto mcheshi, mpole, mwenye maswali yasiyokwisha. Rocks anajua kwamba wakuu wakipata habari, yeye na mdogo wake watachukuliwa na pengine kutenganishwa. Basi anaificha siri, na kuificha siri ni kuhama kutoka nyumba ya rafiki huyu hadi ya rafiki yule, hadi vyumba vya kulipia fedha kidogo, huku akijidai kwamba mambo ni salama. Hamna genge katika filamu hii wala bunduki. Hatari iliyomo ni kwamba atafika kwenye mlango wa mwisho na usifunguliwe, na nawaambieni kwamba nilikaa ukingoni mwa kiti kuliko katika filamu yoyote ya mapanga.

Namna ilivyotengenezwa inastahili kuelezwa kwa urefu, hasa kwenu vijana. Sarah Gavron na wenziwe, ambao wengi wao walikuwa wanawake, hawakuanza na muswada uliokamilika kisha wakatafuta nyuso za kuujaza. Walikwenda mashuleni na katika vikundi vya vijana, wakawaona wasichana zaidi ya elfu moja, wakawachagua wachache, na kwa muda mrefu wakakaa nao katika warsha, wakiwasikiliza wanavyozungumza, wanavyotaniana, wanavyonuna na kurudiana. Na waandishi wawili, Theresa Ikoko na Claire Wilson, wakakijenga kisa kutokana na yale waliyoyasikia. Kwa hiyo wasichana wale walipofika mbele ya kamera walikuwa marafiki kwa hakika, na kilichokuwa kimebaki ni kutowaharibia. Lipo tukio la darasa la mapishi ambalo unga unaishia hewani na nyweleni, nami sijui mwigizaji aliyesomea kazi yake ambaye angeweza kuigiza kicheko kile. Lipo pia la kuketi juu, London nzima iko chini yao, wakiimba na kupigana picha kwa simu, na picha zao za simu zimeingizwa katika filamu yenyewe kama zilivyo. Hapa uhaba wa fedha haukuwa udhia wa kustahimiliwa: fedha nyingi zingalileta nyota, na nyota angalihitaji kufundishwa kuwa msichana wa Hackney, na matokeo tunayajua.

Rafiki mkubwa wa Rocks ni Sumaya, na Sumaya ni Msomali. Ameigizwa na Kosar Ali, binti wa Kisomali wa London ambaye hakuwa ameigiza kabla, na kwa kazi hiyo alipata tuzo mbili za filamu huru za Uingereza, ya mwigizaji msaidizi na ya chipukizi mwenye matumaini. Waungwana, sisi tunaotoka upande ule wa dunia tumezoea kumwona msichana wa Kisomali katika filamu za Ulaya akiwa ni tatizo: anaozwa kwa nguvu, au anamtoroka baba, au hijabu yake inajadiliwa na watu ambao hawakumwuliza. Sumaya hajadiliwi. Ana kelele, ana upendo, ana wivu kidogo, anavaa hijabu yake na kuendelea na mambo yake, na nyumba ya kwao imejaa watu kwa namna ambayo nyumba ya Rocks imekuwa tupu. Na ugomvi unaowatokea wawili hao umeandikwa kwa ustadi ambao sijauona mara nyingi, kwa kuwa unazuka katika ukarimu wenyewe: Sumaya anataka kusaidia, na Rocks hawezi kustahimili kusaidiwa na mtu aliye na kila alichokikosa yeye. Nani kati yetu, aliyefikia kwa jamaa siku za kwanza za kuja nchi hii na kulala kwenye kochi lao, asiyeijua hasira ile iliyochanganyika na shukrani?

Kwa hiyo nikiziweka filamu hizi pamoja, naona zimeuliza swali moja na kulijibu kutoka pande mbili. Marafiki wa Blue Story hawana mahali ambapo ni pao wawili. Shule inawapa saa sita kwa siku, na geti la shule likifungwa kila mmoja anarudi katika eneo ambamo mwenziwe ni adui. Marafiki wa Rocks ni maskini zaidi, lakini wana milango: jiko la huyu, kitanda cha yule, paa, basi, na mwishoni safari ya pamoja kwenda baharini, na hata milango inapogoma, mmoja hubakia. Tofauti baina ya maziko na kunusurika haikutokana na wema wa mioyo, maana Timmy na Marco walikuwa wema. Hadhira ya nchi hii, hata hivyo, iliwaona wote: tuzo ya nyota chipukizi ya BAFTA, ambayo hupigiwa kura na watu wa kawaida, ilikwenda mwaka 2020 kwa Micheal Ward aliyeigiza Marco, na mwaka 2021 kwa Bukky Bakray aliyeigiza Rocks.

Turudi Birmingham. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu katika mji huu watu zaidi ya milioni 1.1, na zaidi ya theluthi yao hawajafika miaka 25. Ni katika miji yenye vijana wengi mno barani Ulaya. Mwezi Septemba 2023 halmashauri ya mji ilitangaza kwamba haina fedha za kutosheleza wajibu wake, na bajeti iliyopitishwa Machi 2024 ilikata takriban pauni milioni 300 kwa miaka miwili, na miongoni mwa vilivyopunguzwa ni huduma za vijana na maktaba. Siku chache kabla yake Electric ilikuwa imezima taa. Sina elimu ya hesabu za serikali, na wapo humu wanaozijua kuliko mimi. Lakini mtu akiniuliza kwa nini vijana wamejazana katika ukumbi wa kuingilia wa Star City, nami nitamwuliza, walitakiwa wajazane wapi?

Kwa wazazi wenzangu nina ombi, nalo si la kuandamana wala la kuchanga. Sisi tuliokuja kutoka Dar es Salaam na Mombasa, kutoka Bukavu na Goma, na wale ambao wazee wao walifukuzwa Kampala mwaka 1972 wakashuka Soho Road na masanduku yao, tuna maradhi mamoja: tunataka watoto wetu wawe na marafiki wema, lakini hatutaki marafiki hao waje nyumbani. Tunaogopa sebule itachafuka, au jirani atasema, au mgeni atakuta mboga ni kidogo. Fungueni sebule. Mtoto wa Kijamaika wa Handsworth na binti wa Kipakistani wa Sparkhill wakija na mwanao, wapeni chai na mahamri, na msiwaulize mtaa wanaotoka mpaka watakapoutaja wenyewe.

Na ninyi vijana mliochagua viti vya nyuma karibu na mlango: kamera iliyomo katika simu zenu ni bora kuliko nyingi zilizotumiwa na watu wazima waliokutangulieni, na lugha tunayoisema humu jioni hii, nijuavyo mimi, haijapata filamu hata moja ya vijana wa Birmingham. Msingoje kupewa ruhusa. Chagueni nyumba mbili, njia moja ya basi, na marafiki watatu mnaowajua vizuri hata mkaweza kuwaandikia ugomvi wao. Andikeni Kiswahili chenu mnachokisema, chenye Kiingereza ndani yake, na mzee akikemea sarufi mwambieni aje aigize babu.

Rocks ina daraja la 12A, nayo ni ya dakika 93. Blue Story ni ya 15, na ni fupi kidogo kuliko hiyo. Mzazi anayetaka kuanza na aanze na Rocks, aketi pamoja na mwanawe kuanzia mwanzo hadi majina ya watengenezaji yatakapokwisha, na asitoe waadhi wowote kabla mtoto hajasema lake.